Moshi wa nyama uwanjani Dudy Noble

Jamani, sikuwahi kudhani besiboli ina harufu. Jana nilikuwa Starkville, Mississippi, kwenye Dudy Noble, uwanja wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Mississippi State, na kabla sijaona hata mchezaji mmoja nilishavutwa na moshi wa nyama. Nyuma ya ukuta wa upande wa kushoto watu wanachoma mbavu na soseji huku mechi ikiendelea! Panaitwa Left Field Lounge. Mzee mmoja mwenye koleo mkononi, macho kwenye jiko na masikio uwanjani, alinipa kipande bila hata kuniuliza jina.

Uwanja huu ulianza kutumika 1967. Mashabiki walikuwa wanarudisha nyuma malori yao hadi kwenye uzio, wanapanga viti juu ya malori hayo, wanawasha majiko. Baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika 2019, malori yametoka na zimejengwa sehemu maalumu. Pamependeza, ila mimi ningependa kuyaona yale malori.

Mechi zenyewe nimezielewa nusu nusu. Lakini hiki ni chuo, si klabu ya kulipwa, na Aprili 2023 walijaa watu 16,423 kuiona timu ya chuo ikicheza na mahasimu wao Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Will Clark na Rafael Palmeiro, waliokuja kuwa nyota wa besiboli ya kulipwa, walipita hapa miaka ya 1980. Ubingwa wa taifa? Waliusubiri hadi 2021, walipowafunga Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Omaha, Nebraska.

Mkija, njooni na njaa.