Mishipa yangu imeshika chokaa: nilivyoishusha fosfati

Sisi tunaosafishwa damu kwa mashine tukikutana huulizana uzito, presha na maji. Fosfati, madini tunayoyapata kwenye chakula, haitajwi, na ndiyo iliyonidhuru zaidi. Dokta alinionyesha picha ya eksirei ya tumbo iliyopigwa ubavuni: mbele ya uti wa mgongo palikuwa na mistari myeupe, kama iliyochorwa kwa chaki. "Huo si mfupa, mama," akasema. "Ni mshipa mkubwa wa damu. Umeshika chokaa."

Akanieleza bila haraka. Figo zikishindwa, fosfati haitoki vizuri kwenye mkojo, inarundikana kwenye damu. Ikizidi, chembe hai (seli) za misuli zilizomo kwenye kuta za mishipa huanza kufanya kazi ya chembe za mfupa, na kalsiamu inajijenga hapo hapo. Mshipa unakakamaa, moyo unasukuma kwa shida. Nikamwuliza kama chokaa hiyo huondoka. Akasema dawa ya kuiondoa hakuna. Kazi yetu ni kuizuia isiongezeke. Fosfati yangu siku hiyo ilikuwa milimoli 2.4 kwa lita ya damu, na ya kawaida huishia karibu 1.5.

Mashine peke yake haitoshi. Huitoa ile ya kwenye damu, lakini nyingi imo ndani ya chembe na mifupa, na hutoka polepole.

Kilichonisaidia kwanza ni vidonge vya kushika fosfati. Hivi huikamata ya kwenye chakula humo humo tumboni kabla haijaingia kwenye damu, kwa hiyo ukimeza bila kula havina faida. Nilikuwa natumia vya kalsiamu. Dokta akanibadilishia, akanipa sevelama, isiyo na kalsiamu. Bei yake inauma, na hufunga choo. Navifunga kwenye pindo la kanga, maana chakula hunikuta popote: msibani, shughulini, kwa wifi. Sahani ikitua, nafungua pindo. Wifi akaniuliza mbele za watu, "Mbona unakula na dawa?" Nikamjibu, "Wifi, hii haisubiri nishibe."

Dagaa niliacha, kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yake, yenye fosfati. Nikabaki na mnofu wa samaki changu. Protini siiachi, kwani tukisafishwa nyingine hupotea. Maharage sikukatazwa, maana sehemu kubwa ya fosfati yake mwili hauifyonzi, ila nimewekewa kiasi kwa ajili ya potasiamu, madini mengine yanayorundikana figo zikishindwa, nayachemsha na kumwaga maji.

Ubaya hasa uko kwenye soda nyeusi na soseji. Fosfati inayotiwa kiwandani huingia kwenye damu karibu yote. Kwenye pakiti natafuta namba za fosfati hiyo, E338 hadi E341, na E450 hadi E452. Nikiiona moja, narudisha. Hili linaniudhi kweli: maandishi yale ni madogo mno, na wengi wetu kisukari kimeshagusa macho. Mimi husomewa na mwanangu.

Kipimo cha mwisho kilisoma 1.6. Hupimwa pamoja na kalsiamu na homoni ya paratairoidi (ya tezi ndogo za shingoni), kwa kuwa zote tatu huvutana. Majibu naomba nipewe nakala mkononi, nayaandika kwenye daftari, na kabla sijaunganishwa kwenye mashine namwonyesha Sista nilipofikia. Mwenzangu wa kitanda cha pembeni naye ameanza kudai yake.