Siku moja maishani mwangu: kuchimba tabaka kwa tabaka

Saa 12:30 asubuhi. Turubai la shimo letu la akiolojia hufunuliwa kabla jua halijachoma, udongo ungali na unyevu wa usiku. Saa hizi kahawia mbili zinazokaribiana bado hutofautika. Mchana zote huwa kijivu kimoja. Ndiyo maana kazi inayohitaji macho huja mwanzo na kazi ya mikono husubiri.

Saa 1:00. Darubini ya kupimia usawa husimamishwa. Tuseme kituo cha rejea, alama ambayo mwinuko wake unajulikana, kina mita 24.60 na ufito wa vipimo juu yake unasomeka 1.32: darubini iko mita 25.92. Ukisoma 2.17 juu ya tabaka, uso wake uko 23.75. Mtu akigonga mguu mmoja wa darubini bila kusema, vipimo vyote vinavyofuata ni uongo, kwa hiyo kituo cha rejea husomwa tena mwisho wa kila awamu.

Saa 1:30. Kukwangua. Mwiko mdogo wa chuma, wa inchi 4, ulionolewa kwa tupa. Unauvuta kuelekea kwako huku ukirudi kinyumenyume, usije ukakanyaga ulipokwisha kusafisha. Tumia makali ya ubavuni. Ncha huchora mikwaruzo ambayo kwenye picha huonekana kama mipaka ya tabaka. Picha hupigwa papo hapo, pamoja na kipimo na mshale wa kaskazini, kabla vivuli vya kuta havijawa vikali.

Saa 2:30 hadi saa 5:30. Hapa ndipo siku ilipo. Tabaka lililowekwa mwisho huondolewa kwanza, nalo huondolewa lote kabla ya kugusa la chini yake. Mpaka hautafutwi kwa macho tu: mwiko ukitoka kwenye udongo wa kichanga na kuingia udongo wa mfinyanzi, sauti hubadilika na mkono huhisi uzito. Viringisha udongo wenye unyevu kiganjani. Ukifanya uzi mwembamba usiokatika, una mfinyanzi mwingi. Rangi husomwa kwenye chati ya Munsell, ambayo kila rangi ya udongo ina namba yake, kwa mfano 10YR 4/3, donge likiwa limeloweshwa, bila miwani ya jua. “Kahawia” peke yake haimsaidii mtu.

Tundu la nguzo, yaani shimo la kale lililosimamishiwa nguzo, huchimbwa nusu kwanza, ukuta wake ukachorwa, kisha nusu iliyobaki. Tundu lenyewe hupewa namba yake na udongo uliolijaza namba nyingine, maana kuchimba na kujaza ni matukio mawili. Kosa la kawaida ni kupitiliza: mtu anafuata udongo laini, kumbe ni njia ya panya, na kigae cha chungu cha tabaka la juu kinaingia kwenye mfuko wa tabaka la chini. Ukiona mkondo wa duara wenye udongo mlegevu, utoe peke yake na uupe namba yake.

Saa 6:00 mchana. Jua limefuta rangi, basi tunachekecha. Matundu ya milimita 5 yanatosha vigae na mifupa mikubwa. Mbegu na miba ya samaki hupita, ndiyo sababu ndoo kadhaa za udongo hutengwa zimwagwe majini, vilivyo vyepesi vielee. Mfinyanzi mbichi usiusugue kwenye wavu, utasaga vigae; uoshe. Kila mfuko una lebo mbili, moja ndani na moja nje.

Saa 8:00. Kuchora ukuta wa shimo kwa kipimo cha 1:10. Uzi ulionyooshwa kwa pimamaji, misumari miwili, futi, na kinyunyizio cha maji cha kurudisha rangi. Ukungu tu: maji yakitiririka hubeba udongo wa juu na kuupaka tabaka la chini.

Saa 9:30. Mkaa wa kupimia umri huokotwa kwa kibano, si vidole, na kufungwa kwenye karatasi ya alumini.

Saa 10:30 jioni. Fomu, kisha mchoro wa Harris, ule wa visanduku na mistari unaoonyesha lipi liko juu ya lipi. Mistari ikizunguka, yaani tabaka 14 juu ya 17, 17 juu ya 19, na 19 juu ya 14, kuna mpaka uliokosewa au namba moja iliyopewa vitu viwili. Msumari wenye kitambaa huachwa mahali penye shaka, turubai likatandazwa na kuwekewa mawe juu yake, na hapo ndipo patakapokwanguliwa kwanza kesho saa 1:30.