Ukitaka kusimamia kanzidata, anza na kurejesha

Wadogo zangu wanaomaliza MUST na vyuo vingine hapa Mbeya huniuliza swali lile lile: "Dada, ili niwe msimamizi wa kanzidata (database), nichukue cheti cha Oracle au cha Microsoft?" Ada ya mitihani hiyo ni mzigo kwa mtu ambaye bado anakula kwa wazazi. Cheti kitasubiri. Pakua PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, ni ya bure na inakaa hata kwenye laptop ya mtumba, kisha jifunze kurejesha data iliyopotea kabla hujahangaika na mengine.

Naitunzia kanzidata SACCOS moja ambayo wanachama wake wengi ni wakulima wa kahawa na viazi. Nyuma ya kila mstari kwenye jedwali yupo mtu. Mimi hanijui wala hana haja ya kunijua. Anachokijua ni salio lake, na analitegemea kwa ada ya shule na mbolea.

Ndiyo maana naudhika nikiona namba za NIDA zilizoharibika. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Karani anaiandika kwenye Excel bila vistari, na Excel inaichukulia kama namba ya kuhesabia. Excel hutunza tarakimu 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Faili linakuja kwangu likiwa na mamia ya wanachama ambao vitambulisho vyao vyote vinaishia na 00000, na nyaraka za karatasi ziko kijijini. Hata ndani ya PostgreSQL usije ukaiweka kwenye bigint, ile aina ya safu ya namba kubwa, maana hiyo hukomea tarakimu 19. Namba ya NIDA ni maandishi. Ya simu pia, la sivyo ile sifuri ya mbele inapotea. Huwezi kuijumlisha wala kuigawa, basi usiiite namba. Mtu anayeliona hilo mapema, kabla jedwali halijajaa, huyo nitamwajiri leo hata kama hana cheti.

Turudi kwenye kurejesha. Huku kwetu masika umeme hukatika, na watu hudhani hilo ndilo adui mkubwa. Kwa kiasi fulani PostgreSQL imejipanga: kila badiliko huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu iitwayo WAL, ndipo faili zenyewe za data ziguswe. Umeme ukirudi inasoma WAL, inakamilisha miamala iliyokuwa imethibitishwa, na ule ulioachwa njiani unahesabika kama haukuwahi kuwepo. Nunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta, lakini usikoseshwe usingizi na umeme. Ogopa diski iliyokufa, na mkono wa binadamu uliofuta kisichofutwa. Hapo WAL iliyoko kwenye diski hiyo hiyo haikusaidii.

Soma yaliyoipata GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao, usiku, akidhani yuko kwenye seva ya pili, alifuta saraka ya data kwenye seva kuu. Walikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kuchukua nakala, ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo lake lilikuwa la zamani kuliko kanzidata yenyewe, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ilipotea. Nawaheshimu sana kwa kuyaeleza yote hadharani, maana wengi wetu tumejifunza hapo. Kampuni yenye wataalamu wale ilikuwa na bakapu ambazo hakuna aliyekuwa na jukumu la kuzijaribu mara kwa mara. Hebu fikiria ofisi yenye afisa TEHAMA mmoja.

Na wewe utaanzia hapo hapo, kama afisa TEHAMA. Nafasi yenye jina la msimamizi wa kanzidata ni adimu Nyanda za Juu Kusini. Utatengeneza printa, utavuta nyaya. Haidhuru, seva iko chumba hicho hicho. Kabla ya kuigusa seva hiyo, omba ridhaa ya mkuu wako kwa maandishi, kwa sababu tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na data ya wanachama haiendi nyumbani kwenye flashi.

Kwa mazoezi tumia majina ya kubuni. Tengeneza jedwali la wanachama elfu moja na jingine la miamala yao. Chukua nakala kwa pg_dump, uihamishie mashine nyingine. Kisha ifute kanzidata nzima, uirejeshe huku unatazama saa. Hesabu mistari, jumlisha salio zote, linganisha na ulizoziandika kabla ya kufuta. Zikipishana hata shilingi moja, tafuta mpaka ujue kwa nini. Rudia mwezi ujao, safari hii kwenye kompyuta ambayo PostgreSQL haijawahi kuwekwa, na uandike kila hatua kwenye daftari ili mwenzako aweze kuifuata siku ambayo wewe uko msibani Kyela na simu haishiki mtandao.