Mwalimu hakujumlisha

Saa 11 alfajiri. Nimestaafu upelelezi, lakini mwili haujapata habari. Kwenye simu kuna ujumbe wa usiku kutoka kwa kijana tunayeabudu naye: "Mzee, mama amemtumia pesa tena yule mwanamume wa mtandaoni. Tafadhali njoo umkanye."

Saa 1 asubuhi niko kwenye matatu, Jogoo Road, jamu kama kawaida.

Saa 3, Buruburu. Mama ni mjane wa miaka 71, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kijana anataka kukaa nasi, namsihi atupishe. Sijaja kumkanya mtu.

"Mwalimu," namwambia, "nisimulie habari zake. Anaitwa nani?"

Anaanza polepole, kisha uso unamchangamka. Ni mhandisi kwenye mtambo wa mafuta baharini, amefiwa na mke. Kila alfajiri alimuuliza goti limeamkaje. Watoto wa Mwalimu hupiga simu Jumapili. Huyu alipiga kila siku, ila kamera yake ilikuwa mbovu siku zote. Kisha zawadi "ikakwama" forodhani pale uwanja wa ndege wa JKIA. Ada ikalipwa, ikaja faini, baada ya faini bima.

Ananiletea daftari. Mistari imepigwa kwa rula: tarehe, kiasi, sababu. Chini kabisa ameandika "Jumla" kwa kalamu nyekundu, na mbele yake hakuna kitu. Mwalimu wa hesabu! Kiinua mgongo chake chote kimo humo, na hakuthubutu kujumlisha. Nami sikujumlisha mbele yake.

Tunasoma jumbe za M-Pesa pamoja. Majina manne ya wapokeaji, hakuna hata moja la mhandisi. "Aliniambia ni mawakala wake," anasema. Namweleza kwamba ada ya serikali hailipwi kwenye laini ya mtu binafsi. Tangu 2023 malipo ya huduma za serikali yameelekezwa eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, paybill 222222. Anayatazama yale majina kwa muda mrefu.

Kijana alikuwa ameanza kufuta mazungumzo kwa hasira. Nimemzuia. Huo ndio ushahidi wetu. Majina yale huenda ni ya vijana wanaolipwa kidogo kupokea na kutoa, au ya watu waliosajiliwa laini bila kujua. Hata hivyo ndipo pa kuanzia: kwa amri ya mahakama, mpelelezi hupata usajili wa laini na wakala aliyetolea pesa.

Saa 6 mchana, kituo cha polisi. Nimeshika bahasha ya nakala, Mwalimu ameshika mkoba kwa mikono miwili. Sheria ipo: ile ya uhalifu wa mtandao ya 2018, na kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Afisa ni kijana mwenye adabu, lakini swali likamtoka: "Kwani mama, hukushuku?"

Nililijua swali hilo. Miaka ya tisini nilimuuliza mjane mmoja vivyo hivyo. Alichukua kibeti chake akaondoka, hakurudi tena, na mwanamume aliyemtapeli akaendelea kutapeli wengine. Kosa lile ni langu, na bado linaniuma. Nikamwomba afisa aulize kwanza tarehe ya kutuma pesa mara ya kwanza. Mwalimu akafungua daftari, akajibu. Tukatoka na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo.

Saa 10, chai na mandazi. Namwonya yeye na mwanawe: atapiga simu mtu anayejiita wakili au mpelelezi, aahidi kurudisha pesa zote kwa ada ndogo. Aliyetapeliwa mara moja huwindwa tena.

Saa 3 usiku, simu. Ni Mwalimu.

"Ameandika. Anauliza goti."

"Umemjibu?"

"Sijamjibu." Kimya. "Afande, yule wa kwenye picha ni mtu wa kweli?"

Nikamwambia ndiyo, pengine yuko mahali fulani na hajui kwamba picha zake zimeibwa.

"Basi naye aambiwe," akasema.