Skrubu Ndogo Kando ya Hedi

Mzee aliyeniuzia kile kinasa sauti cha kaseti alinionya kabla sijatoa pesa. "Kijana, hicho kimekwisha. Kimelala stoo miaka na miaka." Nikamjibu, "Nitajaribu hivyo hivyo, mzee." Kilikuwa cha aina waliyokuwa wakibeba waandishi wa habari: kizito, cha kuning'iniza begani, chenye mita ya sindano na matundu mawili ya maikrofoni. Mlango wake ulikuwa umekwama, na kupitia kioo niliona kaseti bado imo ndani.

Betri zilikuwa zimevuja. Nilifuta ule unga mweupe kwa pamba yenye siki kidogo, nikalehemu upya waya mmoja uliolika, na jioni ile ile umeme ukapita. Mkanda wa mpira ndio ulionitesa. Mpira wa namna ile ukizeeka haukatiki tu, huyeyuka ukawa kama lami, na lami hiyo ilikuwa imeganda kwenye gurudumu, kwenye mota, na baada ya dakika chache kwenye vidole vyangu vyote. Siku mbili nilikwangua kwa kijiti na spiriti. Kupata saizi ya mkanda mpya nilipitisha uzi kwenye njia ya ule wa zamani, nikaupima, nikapunguza kama asilimia 5 ili ukaze.

Kasi haikunisumbua. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde tangu Philips walipoileta mwaka 1963. Niliweka kaseti ya majaribio yenye mlio wa hezi 3,000, nikazungusha bisibisi kwenye kitundu cha mota mpaka mlio ukakaa pale pale. Kisha nikasimamisha hedi, kile kichwa kinachogusa utepe na kusoma sauti, wima kabisa kwa ile skrubu yake ya pembeni, nikisikiliza kaseti ya muziki iliyorekodiwa vizuri. Matoazi yalilia kama yako chumbani. Nilifurahi mno.

Ndipo nikaweka kaseti ya mzee.

Sauti ilikuwa nzito, kama ya watu wanaoongea nyuma ya blanketi. Mwanamke alikuwa akimfundisha mtoto kusoma silabi. Mtoto anasema kitu, mama anamkosoa, mtoto anarudia, na mimi siwezi kusikia kosa lilikuwa wapi. Nilisafisha hedi tena. Nikabadilisha kapasita mbili ambazo, nadhani sasa, hazikuwa na ubaya wowote. Nilikaribia kuamini kwamba utepe wenyewe umeharibika.

Jibu lilinijia nikiwa nimelala. Kaseti ile ilirekodiwa na mashine hii hii, wakati hedi yake ikiwa imeinama. Utepe ulibeba mwinamo ule ule, na mimi kwa kunyoosha hedi nilikuwa nimeutupa ufunguo wake. Hedi ikipishana na alama za utepe hata kidogo sana, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na "s" na "sh" huishi huko juu.

Niliamka, nikavaa hedifoni, nikazungusha skrubu kwa upole sana, chini ya robo mzunguko. Blanketi likaondoka. "Sa," akasema mtoto. "Siyo sa. Sha," akasema mama. "Sa." Wote wawili wakacheka, na nyuma yao nikasikia karatasi ikifunuliwa.

Nilimpigia mzee simu. Alikuja, akavaa hedifoni, akasikiliza upande mzima bila kusema neno, mkono wake ukiwa juu ya mashine. Kaseti ilipokoma alisema tu, "Rudisha mwanzo."

Kesho yake alileta kaseti nyingine 11, zote zimerekodiwa kwa kinasa hicho hicho. Ile skrubu niliipaka tone la rangi ya kucha isije ikasogea, na hedi imebaki imeinama.