Wagonjwa watatu kwa mpigo

Msimu wa karafuu ukikolea Pemba, hospitali zetu hupata wagonjwa wa aina yake. Mkarafuu mkongwe hupita mita 10 kwenda juu na tawi lake ni tete. Mchumaji husimama huko, mkono mmoja unavuta vikonyo kwa ngowe, mwingine unajaza pakacha. Tawi likikatika, hana pa kushika.

Mwaka ule nilikuwa daktari mpya, nimepangiwa hospitali moja ya wilaya. Zamu nilifanya chini ya daktari mmoja mwanamke kutoka Unguja aliyesomea tiba ya dharura Muhimbili, ambako idara ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010. Alikuwa mpole kwa wagonjwa, kwetu sisi mkali. Ukimpelekea mgonjwa na kuanza kueleza unadhani anaumwa nini, alikukatiza: "Jina la ugonjwa baadaye. Nambie kwanza nini kinaweza kumuua saa hii."

Siku moja, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kusali alasiri, aliletwa mtoto wa skuli ameanguka mpera. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba juu kidogo ya kiwiko, na ukelele wake ulisikika hadi getini. Kabla hatujamlaza vizuri ikaingia pikapu ya shamba. Akashuka kijana, kwa miguu yake mwenyewe, na nyuma yake mzee aliyeshikiliwa na wanawe wawili, anaweweseka na kuwagombeza watu wasiokuwapo.

Kijana alikuwa ameanguka mkarafuu tangu asubuhi. Akapumzika kivulini, kisha akaendelea kuokota zilizomwagika chini. "Mie mzima, dokta," alisema. "Bega hili tu la kushoto. Nipe vidonge nirudi, watu wananingoja kambini."

Kuhusu mzee, waliofuatana naye hawakuwa na kauli moja. Jirani alisema kapandwa na shetani, apelekwe kwa mganga wake wa siku zote. Mtoto wake mkubwa alikataa katakata.

Moyo wangu wote ulikuwa kwa mtoto. Nadhani mtu yeyote angekimbilia pale, maana kilio cha mtoto hakivumiliki. Mkubwa wangu alimtazama kwa muda mfupi sana, akamgusa vidole, akageuka. "Anayelia hivi njia yake ya hewa iko wazi, anapumua, na damu inafika kichwani. Mpeni dawa ya maumivu sasa hivi, si baadaye. Mfungeni banzi. Sista, muangalie vidole kila dakika 10. Haya, hawa wawili wamebakiwa na muda gani?"

Akaanza na mzee, nami nikashangaa kwa nini. Kumbe hesabu yake ilikuwa hii: mtu yeyote aliyechanganyikiwa hupimwa sukari kabla ya hadithi yoyote, kwa sababu kipimo ni tone moja la damu na majibu ni sekunde chache, na ubongo ukikosa sukari huharibika. Jambo dogo linalookoa maisha halipangiwi foleni. Kipimo kilisoma 2.0, sukari iliyoshuka mno. Mzee alikuwa akitumia vidonge vya kisukari, akavimeza asubuhi, kisha akashinda juani akianika karafuu bila ya kula. Sista akamsukumia glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache mzee akafumbua macho na kuuliza, "Mwanifanya nini nyie?" Mwanawe alilia pale pale. Hata hivyo hakuruhusiwa kurudi nyumbani. Vidonge vile hukaa mwilini muda mrefu, na sukari iliyopandishwa huweza kushuka tena usiku.

Sista akimshughulikia mzee, sisi tulikuwa tumekwisha kuwa kwa kijana. Nimeshika mkono wake: wa baridi, umelowa jasho, na chumba chenyewe kilikuwa cha moto. Mapigo 124 kwa dakika. Presha 106 kwa 84, namba ambazo ukizisoma peke yake hazikutishi. "Gawa mapigo kwa presha ya juu," mkubwa wangu akasema. Ilizidi moja. Mtu mzima mwenye afya huwa karibu na nusu mpaka 0.7. Mwili wa kijana hupigana: hubana mishipa, huupeleka moyo mbio, na unaweza kupoteza lita moja na zaidi katika zile tano hivi alizonazo presha ikiwa bado imesimama. Ikianza kuanguka, umeshachelewa.

Nikalibonyeza bega, hakushituka. Tulipomlaza chali ndipo maumivu yakazidi. Bega halikuwa na kosa lolote. Damu ikikusanyika chini ya kiwambo kile kinachotenga kifua na tumbo, huchokoza mshipa wa fahamu ambao maumivu yake mtu huyasikia begani. Altrasaundi ikaonyesha mstari mweusi baina ya bandama na figo ya kushoto. Bandama ilikuwa imepasuka na ikivuja tangu asubuhi, huku mwenyewe akiokota karafuu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa pamoja. Sindano mbili nene za dripu mishipani, maji kidogo tu kwa sababu maji mengi hupoza damu na kuizuia isigande, sampuli kwenda maabara, jamaa zake kupangwa kutoa damu, daktari wa upasuaji kupigiwa simu. Katikati ya yote hayo babake yule mtoto akatukabili mlangoni.

"Dokta, sisi ndio tuliotangulia kufika."

Mkubwa wangu alisimama, akamwelekea uso kwa uso. "Najua, baba. Mwanao anaumia na sijamsahau. Huyu akingoja nusu saa, tutampoteza." Yule baba akaangalia kitanda cha kijana, akarudi kwa mwanawe bila ya neno. Mpaka leo naamini maneno yale ni sehemu ya tiba. Kumwambia mtu asubiri pasipo kumwambia sababu ni kumwonea.

Kijana akaingizwa chumba cha upasuaji. Ndipo sista akaita. Mtoto alikuwa amenyamaza. Nilidhani dawa imemkolea, lakini sista alikuwa keshafunua kitambaa: vidole vyeupe, vya baridi, na kifundoni mapigo hayapatikani. Mfupa unapovunjika juu ya kiwiko cha mtoto, ncha yake au uvimbe huweza kuubana mshipa mkubwa unaolisha kiganja. Aliyekuwa wa mwisho akawa wa kwanza. Mkubwa wangu akamwongeza dawa, akalegeza bandeji, akaushika mkono na kuuvuta polepole, akiufungua kiwiko kidogo kidogo, mimi vidole vyangu viko kwenye kifundo. Sikusikia kitu. Sikusikia kitu. Kisha pigo moja dogo, na jengine, na kucha zikaanza kurudi rangi. Usiku ule ule alikabidhiwa kwa madaktari wa mifupa.

Baadaye, tukinywa chai, alinisimulia habari za James Styner, daktari wa mifupa wa Marekani aliyeanguka na ndege yake ndogo huko Nebraska mwaka 1976. Mkewe alifariki na watoto wake wakaumia vibaya. Alipowafikisha hospitali ya shamba aliona watu hawajui waanze na lipi. Kutokana na hilo, mwaka 1978 yalianza mafunzo ya kutibu majeruhi yenye utaratibu mmoja: njia ya hewa, kisha pumzi, kisha damu. "Aliwafikiria watu wa hospitali kama hii," aliniambia.

Bandama ya kijana iliondolewa. Hilo halikuwa la kuepukika, ila lina gharama yake, kwani bandama ndiyo inayosaidia kusafisha vijidudu kwenye damu. Tulimpangia chanjo, na siku ya kuruhusiwa nilikaa naye pamoja na mamake, nikawaeleza kuwa homa yoyote itakayompata, ya usiku au ya mchana, wasiilalie nyumbani, waje siku hiyo hiyo na waseme kwamba hana bandama. Nikamwandikia kwenye karatasi. Mamake aliikunja akaitia kwenye mkoba wake, akaniuliza karafuu je, maana msimu haujesha. Nikamwambia kuchambua achambue, kuanika aanike kidogo kidogo, lakini mtini asipande mpaka daktari aliyempasua amwone tena.