Leseni ya themu niliyomuuzia mwenzangu

Ujumbe uliingia asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi wa tovuti, Januari 2023: “Jihadharini na huyu, kaniuzia mbuzi kwenye gunia.” Chini yake namba yangu ya simu. Aliyeandika ni fundi wa Moshi, mtu aliyenitangulia kwenye kazi hii na ambaye siku zote namwita kaka. Niliusoma mara tatu. Nilikuwa Arusha, chai haijapoa, na mikono inatetemeka kwa hasira, kwa sababu sikuwa nimemtapeli mtu.

Mambo yalianza Machi 2022. Nilinunua themu ya WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, kwenye soko la mtandaoni la ThemeForest kwa dola 59, wakati ule kama shilingi 136,000. Kwa asiyefanya kazi hizi, themu ndiyo vazi la tovuti: mpangilio wa kurasa, rangi, herufi, mahali picha zinapokaa. Niliichukua kwa ajili ya kampuni moja ya safari za watalii, nikaipachika kwenye domeni yangu ndogo ya majaribio, yaani anwani ya tovuti, nikaingiza msimbo wa ununuzi unaothibitisha kwamba umelipia, ili iamke na kupokea masasisho. Wiki mbili baadaye mteja akaghairi. Nikafuta majaribio yangu, nikabaki na leseni ambayo niliiona kama mfuko wa saruji uliobaki baada ya ujenzi.

Julai, kaka akawa anatafuta themu hiyohiyo kwa ajili ya loji ya mama mmoja wa Karatu. Nikamwambia ninayo, haijatumika, nipe laki moja. Akatuma pesa kwa simu, nami nikamtumia faili pamoja na msimbo. Hatukuandikiana chochote. Tovuti ikapendeza, mama akafurahi. Juu ya dashibodi, ule ukurasa wa ndani wa kuendeshea tovuti, kulikuwa na mstari unaosema themu haijasajiliwa, lakini kaka aliupuuza, na namwelewa, maana dashibodi za WordPress zimejaa mistari ya namna hiyo.

Mwezi huo wa Januari kampuni inayohifadhi tovuti ya loji ikapandisha PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, kutoka 7.4 kwenda 8. Toleo la 7.4 lilikuwa limeachwa kuhudumiwa tangu Novemba 2022, kwa hiyo walifanya jambo la lazima. Lakini plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, ya picha zinazopishana, iliyokuja ndani ya themu, ilikuwa ya zamani. Plagini za namna hiyo husasishwa kupitia themu yenyewe, na themu ambayo haijasajiliwa haipokei kitu. Loji ikabaki na ukurasa mweupe wenye sentensi moja tu ya kusema kuna hitilafu kubwa. Kaka akajaribu kusajili msimbo, akaambiwa unatumika kwenye domeni nyingine. Domeni hiyo ni yangu ya majaribio: nilifuta mafaili lakini sikuutoa msimbo kwenye usajili. Akawaandikia waliotengeneza themu, wakamwomba aandike kwa akaunti iliyonunua, na wakamweleza kwamba muda wa msaada, yaani wa kujibiwa maswali na matatizo, umekwisha.

Hapo ndipo tulipogombana kwelikweli. Yeye anasema msaada ni miezi sita, kanunua Julai, kwa hiyo anadai hadi Januari. Mimi nasema themu imemfanyia kazi nusu mwaka, anataka nini tena? Akaleta hoja ya GPL: WordPress iko chini ya leseni huria ya GPL, programu ya PHP ya themu nayo hufuata hukohuko, kwa hiyo nani wa kumzuia kuitumia? Hoja hiyo ina ukweli wake. GPL inakupa haki ya kunakili na kubadilisha programu hiyo. Haikupi huduma kutoka kwenye seva ya mtu, na alichokosa kaka ni huduma: masasisho na mtu wa kumuuliza. Tulijibizana siku mbili kwenye kundi mbele ya watu wote, na loji bado nyeupe.

Usiku wa siku ya pili niliingia kwenye akaunti yangu, nikapakua cheti cha leseni. Ni faili dogo la maandishi. Kwenye mstari wa mwenye leseni, jina langu. Tarehe ya ununuzi, Machi. Kumbe miezi sita ilihesabiwa kuanzia hapo, na msaada ulikwisha Septemba, kwa hiyo kaka alinunua msaada wa miezi miwili tu bila kujua, na mimi nikiwa sijamwambia. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka yote ya kununua themu: nikasoma masharti ya leseni ya kawaida neno kwa neno. Yanaruhusu kumtengenezea mteja kazi moja, kumkabidhi kazi hiyo kwa bei yoyote mtakayopatana, na leseni ikaenda naye. Lakini kusambaza themu yenyewe, peke yake, hairuhusiwi, hata kama ni bure. Leseni huifuata tovuti iliyokamilika. Mimi sikuwa na tovuti ya kumkabidhi mtu. Nilikuwa na faili, na nikaliuza.

Niliona aibu. Nilikuwa nimemtetea mbele ya watu arobaini mtu aliyekosea, na mtu huyo ni mimi.

Asubuhi sikuandika tena kwenye kundi. Nilipiga simu. “Kaka, shikamoo. Nimesoma masharti. Sikuwa na haki ya kukuuzia ile kitu.” Akanyamaza kidogo, akasema, “Sasa mama wa watu tunamfanyaje?” Swali hilo ndilo lilitutoa kwenye ugomvi. Tukairudisha PHP ya loji kwenye 7.4 kwa muda, kwa kuwa ukurasa wa mipangilio wa kampuni inayohifadhi tovuti ulituruhusu kuchagua toleo. Dakika kumi tovuti ikasimama. Nikautoa msimbo wangu kwenye usajili, nikamwomba aache kuutumia kabisa.

Pesa ilikuwa na mvutano wake. Nilimrudishia laki moja yote, elfu sitini siku hiyo na arobaini mwisho wa wiki. Akataka pia nilipe tofauti ya bei ya leseni mpya na nifidie siku ambazo loji haikupokea maombi ya vyumba. Tofauti nilikataa. Leseni mpya angelazimika kuilipia hata kama tusingefahamiana. Fidia tulipatana kwa kazi: nilihamisha tovuti hadi PHP 8, nikasasisha themu na plagini zote, nikajaribu fomu ya vyumba mara kadhaa kwa simu na kwa kompyuta. Jioni mbili. Yeye mwenyewe akaandika kwenye kundi kwamba yameisha, na sababu akaieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Leseni mpya ilinunuliwa kwa jina la mama, kwenye akaunti yake na baruapepe yake. Hivyo ndivyo ninavyofanya sasa kwa kila mteja. Nakaa naye, tunafungua akaunti pamoja, analipa kwa kadi yake, na mimi nampa kazi yangu tu. Mteja asiye na kadi nanunua kwa niaba yake, lakini siku ya makabidhiano nampa cheti cha leseni, msimbo, tarehe ya mwisho ya msaada na jina la domeni iliyosajiliwa, tunasaini wote wawili. Themu ya mradi uliokufa naiacha ilale.

Siku ile tulimsomea mama msimbo wake kwa simu, herufi na tarakimu 32 na vistari vinne, kwa sababu hakutaka tumtumie tu. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake la wageni. Alipomaliza akaturudishia wote kuanzia mwanzo, taratibu, na palipoandikwa b alikuwa ameweka d. “Rudia hapo, mwanangu,” akasema, “nataka niwe nayo sawasawa.”